Mitungi ya Mbawambili

Nyamizi Kasubi alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo mjini Tabora, na kwa miaka ishirini na sita hakuna muuza mafuta wala muuza mpunga aliyefurahi kumwona akiingia dukani. Jinsi alivyofika nchi ya Mbawambili haituhusu. Yeye mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba alifika kama watu wanavyofika mahali, kisha hubadilisha mazungumzo. Alichopenda kukisimulia ni alichokiona huko, nasi tutamfuata kwa hicho.

Mbawambili imetundikwa juu ya Ikweta, juu kuliko mawingu na ndege za abiria, juu kiasi kwamba dunia nzima huonekana kwa mara moja, buluu na nyeupe, na mtu akinyoosha mikono anaweza kuifunika kwa viganja viwili. Nchi hiyo huzunguka pamoja na dunia, sawa kwa sawa, kwa hiyo mwenyeji akitazama chini leo anaona pale pale alipopaona jana. Haina mto wala kuni, na mkaa hawaujui hata kwa jina. Ina mabawa mawili, moja kila upande, na kila bawa limejengwa kwa vigae vya kioo cha buluu iliyokolea, maelfu kwa maelfu.

Nyamizi alipopelekwa kwenye bawa la kwanza alitafuta injini na hakuiona. Akatega sikio, hakusikia kitu. Mwanga wa jua ulikuwa unagonga vigae, na kwenye waya mnene uliopita chini yake umeme ulikuwa unakimbia, bila moshi, bila mlio, bila kitu chochote kuzunguka.

"Moto wenu uko wapi?" aliuliza.

Mwenyeji wake, Bi Kudura, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi, alinyoosha kidole kuelekea jua. "Ule pale. Sisi tunaupokea tu."

Nyamizi alikaa chini kwa jinsi jambo hilo lilivyomzidi. Alizoea umeme wa kwao, wenye nguzo, jenereta na kelele, na hakuwahi kufikiri kwamba mwanga peke yake, ukidondoka juu ya kioo, unaweza kulisha nchi.

Kudura alikuwa mgeuza mabawa, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Mabawa hayo hushikwa na mhimili mmoja mrefu unaokatiza nchi yote, na yeye huuzungusha polepole ili vigae visiache kulitazama jua, mzunguko mmoja kamili kwa siku. Bawa likitazama pembeni, mavuno hupungua. Jua likipewa mgongo, nchi imekwisha. Alimweleza mgeni pia kwamba jua lile lile linalovilisha vigae ndilo linalovichosha, na kila mwaka hutoa kidogo kuliko mwaka uliopita. Waliojenga mabawa walilijua hilo, wakayafanya makubwa kupita haja, ili hata yakizeeka yatoshe. Umeme unaozidi husukumwa mpaka ukingoni mwa nchi, kwenye Ukuta wa Ziada, ukaishia kuwa joto na kupotea. Wajumbe wa Baraza walikuwa wamejadili jina la ukuta huo kwa miaka kumi na mmoja, na wengine walikuwa bado hawajaridhika.

"Wajenzi hao wako wapi?" Nyamizi aliuliza.

"Hatukuwahi kuwaona," alisema Kudura. "Ila walitufikiria."

Umeme wa Mbawambili una matumizi matatu. Kwanza ni Nyumba ya Sauti, ambayo ndiyo kazi ya nchi: sauti za watu wa chini hupanda mpaka humo, zikatiwa nguvu, zikarudishwa upande mwingine wa dunia. Nyamizi aliingia akamsikia muuguzi wa zahanati ya kisiwani akimuuliza daktari wa mjini ashike wapi na akaze vipi, na daktari akijibu taratibu, na mama mzazi akipumua katikati yao. Wala hawakujua sauti zao zinapitia wapi. Pili ni joto la mhimili, kwa maana huko juu kuna baridi isiyo na mfano, na grisi ya mhimili ikiganda mabawa hayageuki tena. Tatu ni Ghala.

Ghala lilijengwa kwa ajili ya kivuli. Mbawambili haina usiku kama wetu. Jua huwaka moja kwa moja, ila mara mbili kwa mwaka huja msimu wa mwezi mmoja na nusu ambapo dunia husimama kati ya nchi na jua, mara moja kila siku. Siku ya kwanza kivuli huwa kifupi, kisha hurefuka mpaka kufika dakika sabini na mbili katikati ya msimu, halafu hupungua hadi kwisha. Kwa dakika hizo nchi hula ilichoweka. Ndani ya Ghala kulikuwa na mitungi ishirini na minane ya kuhifadhia umeme, mizito, imepangwa safu, na ukutani kipimo kikubwa chenye mshale wa dhahabu. Mshale ulisimama kwenye mia.

Mkuu wa Ghala, Mheshimiwa Tamimu, alimpokea mgeni akiwa amevaa joho refu. Alikuwa mtu mpole, na aliipenda mitungi yake kwa moyo wote. Alimweleza kuhusu Sheria ya Shibe, inayokataza mshale kushuka chini ya tisini na nane. Kila siku mtungi huruhusiwa kutoa tone, ukajazwa hapo hapo. Kwenye sikukuu wananchi huja na watoto wao kuutazama mshale.

"Na kivuli kikija?" Nyamizi aliuliza.

"Tunazima Nyumba ya Sauti papo hapo, na taa nyingi, na majiko. Tunabakiza joto la mhimili tu. Watu hujifunika."

"Kwa nini, Mheshimiwa?"

"Ili Ghala lisipungue."

Nyamizi alifikiri hakusikia vizuri. "Yaani mmeweka akiba ya gizani."

"Naam."

"Na giza likija?"

"Tunailinda," alisema Mheshimiwa Tamimu, na macho yake yaling'aa kwa fahari.

Walipotoka na kufika mbali, Kudura alisema, "Mama yangu alikuwa akikamua." Zamani, alieleza, kabla ya kila msimu wa kivuli mitungi ilikamuliwa mmoja mmoja mpaka tone la mwisho, halafu ikajazwa upya. Desturi hiyo ilifutwa kwa sababu siku moja wageni waheshimiwa walikuta mtungi ukiwa sifuri, na Mkuu wa wakati huo akajiuzulu kwa aibu. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu mtungi wowote ufike chini.

Hapo Nyamizi alisimama, kwa sababu jambo hili alikuwa amewahi kuliona kwa sura nyingine. Kwao alishawakamata wauza mahindi waliogonga kitako cha debe kikapanda juu ndani. Debe linaonekana limejaa pomoni, kumbe ndani ni nusu.

"Mshale ule unapima nini?" aliuliza.

"Msukumo wa umeme. Namna unavyobonyeza kutoka."

"Haupimi kina?"

"Kina hakionekani mpaka umimine," alisema Kudura. "Mama alikuwa akisema mtungi ukizoeshwa kutoa tone, unasahau kwamba una zaidi. Hakuna aliyeuharibu. Umesahau tu."

Siku kumi na nane zilikuwa zimebaki kabla ya kivuli. Nyamizi aliomba kusema mbele ya Baraza, akaruhusiwa, kwa kuwa wageni huko hupewa heshima zote isipokuwa kusikilizwa.

"Waheshimiwa," alisema, "kwetu kipimo hatukikagui kwa kukitazama. Tunakimimina. Naomba mtungi mmoja tu umiminwe mpaka chini, tuhesabu dakika."

Mheshimiwa Tamimu alisimama. "Kwa hiyo mgeni wetu anashauri, siku kumi na nane kabla ya kivuli, tumwage akiba ya taifa." Ukumbi ulicheka kwa adabu.

Mjumbe wa kiti cha tatu alitoa hoja kwamba kipimo kiongezwe ukubwa ili shibe ionekane vizuri toka mbali, ikapita. Mjumbe mwingine, mkongwe, alisema kivuli kwa hakika ni mwanga uliochelewa njiani, na si vema kuwatisha wananchi kwa maneno makali. Ikakubaliwa kwamba kwenye karatasi za serikali neno kivuli lisiandikwe tena. Wa tatu aliuliza, mtungi ukifika chini, nani atakuwa na dhamana ya hicho chini? Ombi la Nyamizi likapelekwa kwa kamati itakayotoa taarifa baada ya msimu.

Kudura alimsubiri mlangoni. Hakuuliza matokeo. "Nitaukamua mmoja mwenyewe," alisema.

"Ukikamatwa je?"

"Nitaondolewa kwenye mabawa." Nyamizi aliona jinsi alivyogeuka kuutazama mhimili, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyelala. Hakuwa na kazi nyingine wala hakutaka nyingine. Tangu akiwa msichana kila siku yake ilikuwa ni kulifuata jua.

Walingoja Ghala litokwe na watu, wakachagua mtungi wa kumi na saba, ulio mbali na mlango. Kudura aliufungulia uende Nyumba ya Sauti, ili usimwagike bure, nao ulibeba fungu lake la mzigo kama ambavyo ungetakiwa kubeba kivulini. Nyamizi alihesabu kwa saa yake. Mshale mdogo wa mtungi ulisimama imara dakika ya kwanza, ya nne, ya nane. Katika dakika ya tisa ulianguka ghafla, na mtungi ukawa mtupu.

"Tisa," alisema Kudura. "Ulitengenezwa utoe sabini na mbili."

Nyamizi aliiangalia ile mitungi ishirini na saba iliyobaki, yote iking'aa, yote ikisoma mia, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Waliujaza, wakaukamua tena. Ulitoa dakika kumi na nne. Mara ya tatu ishirini na moja. Ulikuwa unakumbuka. Lakini mara ya nne iliangukia Sikukuu ya Kipimo, na kile kipimo kipya, kilichoongezwa ukubwa ili kionekane toka mbali, kilionyesha tisini na sita mbele ya umati mzima.

Hukumu haikuchukua muda. Kudura aliondolewa kwenye mabawa, akapewa nafasi yake mpwa wa mjumbe mmoja, kijana mwenye mwandiko mzuri. Mtungi wa kumi na saba ulitangazwa kuwa umeharibika, ukafunguliwa kwenye safu, ukapelekwa pamoja naye ukingoni, kwenye Ukuta wa Ziada, akae nao hapo mpaka Baraza litakapowakumbuka. Mitungi iliyobaki ilihesabiwa upya kuwa ndiyo mia, mshale ukapanda, na watu wakashangilia.

Nyamizi alimfuata huko ukingoni. "Nimekuponza, mwenzangu," alisema.

"Hujaniponza. Nilikuwa nalijua jambo hili miaka yote, nikakosa mtu wa kumwambia." Kisha Kudura akalia, kwa sababu kutoka pale aliyaona mabawa yakigeuzwa kwa mishtuko, na mkono wake haukuwepo.

Lakini ukuta ule ulikuwa wa moto kwa umeme usiotakiwa na mtu. Siku ya pili Kudura aliinuka, akachukua waya, akaujaza mtungi kwa ile ziada. Wakaukamua kwa jiko la kibanda chao, wakaujaza tena, kila siku hivyo hivyo, na kila siku Kudura aliandika dakika ukutani kwa chaki. Ishirini na saba. Thelathini na nne. Arobaini na tisa. Nyamizi alikuwa akizisoma namba zile kila anapoamka, na kila mara roho ilimwinuka.

Kisha kivuli cha kwanza kilifika. Jua liliusogelea ukingo wa dunia, likazama nyuma yake, na dunia ikabaki duara jeusi. Kuizunguka, pande zote, ukawaka mstari mwembamba mwekundu. Kudura alimwambia kwamba mstari ule ni macheo yote na machweo yote ya dunia, yakitokea kwa pamoja, na kwamba kila mtu anayeamka na kila mtu anayeelekea kulala wakati huo yumo ndani ya wekundu ule. Nyamizi alisimama na baridi ikimpanda miguuni, machozi yakimtoka. Nyuma yake Nyumba ya Sauti ilikuwa imezimwa.

Kivuli kile kilidumu dakika kumi na tisa. Mshale wa Ghala haukutikisika, kwa kuwa mitungi ilikuwa ikilisha mhimili tu, na Mheshimiwa Tamimu alitoa hotuba. Siku ya pili, ya tatu na ya nne ilikuwa vivyo hivyo, na kila siku hotuba ilirefuka pamoja na kivuli.

Siku ya tano kilitakiwa kudumu dakika arobaini na tatu. Dakika ya thelathini na tatu, wale wanawake wawili waliona taa chache za mjini zikizimika kwa mkupuo mmoja. Mitungi ishirini na saba ilikuwa imefika mwisho wa tone lake.

"Mhimili!" alisema Kudura.

Waliufunga mtungi kwa waya, wakaubeba baina yao, mzito kama gunia la mahindi, wakaenda nao gizani wakipapasa njia. Baridi iliuma mpaka kwenye meno. Chumbani kwa mhimili walimkuta mtu mmoja tu, na si yule kijana mwenye mwandiko mzuri. Mheshimiwa Tamimu alikuwa amevua joho lake, ameuzungushia mhimili, na alikuwa ameukumbatia kwa mikono miwili, akijaribu kuupasha joto kwa mwili wake.

"Sogea, Mheshimiwa," alisema Kudura. "Shika waya huu hapa. Usiuachie."

Aliushika. Mtungi wa kumi na saba ulifunguliwa, na joto likaanza kuingia kwenye chuma. Dakika zilipita moja moja, mshale mdogo umesimama, mpaka upande mmoja wa ile pete nyekundu ukang'aa na jua likachomoza. Kudura alishika gurudumu lake la zamani la kugeuzia mabawa. Lilikataa, likalia, kisha likazunguka. Mabawa yakageuka, na umeme ukarudi nchini.

Baraza lilikutana kabla baridi haijawatoka mifupani. Kwa kauli moja lilimrudisha Kudura kwenye mabawa. Kwa kauli moja pia liliamua kwamba mtungi wa kumi na saba, kwa heshima yake kuu, utiwe ndani ya kabati la kioo, ufungwe utepe, na asiuguse mtu tena milele. Mitungi mingine ijazwe haraka, mshale urudi mia.

"Waheshimiwa, kesho kivuli kinarefuka," alisema Kudura.

Alijibiwa kwa upole kwamba ameshatunukiwa, na aliyetunukiwa hapaswi kubishana.

Siku ile ile umati ulijaa Ghala kuutazama mtungi, uliokuwa umejazwa na kupambwa. Walinzi wawili walisimama mbele ya kabati. Kudura aliwapita kana kwamba hawapo, akafungua kioo, akang'oa utepe, akauunganisha waya uendao Nyumba ya Sauti.

"Bi Kudura!" mjumbe wa kiti cha tatu alipiga kelele. "Mabawa umeyapata leo! Unataka kuyapoteza leo hii hii?"

Kudura alimgeukia. "Sitaki," alisema. "Nayapenda kuliko unavyojua." Kisha akaufungua mtungi. "Hesabuni. Nitaujaza kabla ya kivuli. Hesabuni tu."

Walinzi walimtazama Mheshimiwa Tamimu wapate amri. Alikuwa amesimama bila joho, viganja vimefungwa kitambaa pale waya ulipomuunguza. Hakutoa amri. "Moja," alisema.

Nyamizi akasema mbili. Waliosimama karibu wakasema tatu. Dakika ya tisa watu walishika pumzi, nayo ikapita. Watu ambao maisha yao yote walikuja humo kutazama shibe, sasa walikuwa wakitazama kitu kikitoa, na hawakuweza kuondoa macho. Dakika ya thelathini wazee walikaa chini ila hawakuacha kuhesabu. Dakika ya arobaini Mheshimiwa Tamimu alitoa funguo shingoni, akaenda kwenye mtungi wa kumi na sita, akaufungua kwa mkono wake mwenyewe ukamuliwe nao, na watu wakampisha. Dakika ya sitini walikuwa wanahesabu kwa sauti moja, wengine wakilia waziwazi.

"Sabini na moja," umati ulisema. "Sabini na mbili."

Mtungi ulikuwa bado unatoa. Wakatazamana, kwa kuwa hakuna aliyewaambia nini kinafuata, kisha mwanamke mmoja nyuma kabisa akasema, "Sabini na tatu."